Ridhaa ya Nani?

Mchezaji asiyelipwa mshahara kwa mchezo wake kwa Kiswahili twamwita mchezaji wa ridhaa. Neno hili tumelisikia redioni miaka mingi, katika habari za ndondi na riadha na mpira, hata masikio yamelizoea na hatulitazami tena. Wazungu jina lao kwa mtu wa namna hiyo limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kupenda: yeye ni mpenzi wa jambo. Waliotutungia neno la Kiswahili hawakusema kupenda, walisema kuridhia. Huyu hakuajiriwa wala hakulazimishwa, ameridhia mwenyewe. Nasi twaona kwamba neno letu, ijapokuwa halina utamu wa lile la Kizungu, lina swali ndani yake ambalo lile halina. Mtu aweza kupenda peke yake chumbani mwake, lakini ridhaa huombwa na hutolewa, na aghalabu huhusu watu zaidi ya mmoja. Basi mara hii tumeona yafaa kuliuliza swali hilo juu ya watu tuwaonao kila Jumamosi asubuhi hapa Morogoro, yaani hawa waendeshao baiskeli kwa kupenda tu.

Baiskeli yenyewe si ngeni kwetu. Mwalimu alikwenda nayo shuleni, katekista alizungukia nayo mitaa ya kanisa, mama alipelekwa nayo kliniki amekaa upande kwenye keria na mtoto mgongoni. Bodaboda, ambazo vijana wa leo wazijua kuwa ni pikipiki, zilianza kuwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zikivusha watu na mizigo yao. Hata sasa, ukisimama barabara ya Dodoma alfajiri, utawakuta watu wakisukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa yaliyo marefu kuliko wao wenyewe. Hakuna awaulizaye kwa nini wana baiskeli. Jibu limefungwa kwa kamba juu ya keria.

Hawa wengine hawana keria. Baiskeli zao zina magurudumu membamba, mipini imepinda kama pembe za kondoo, na wao wamevaa nguo za kubana na kofia ngumu kichwani. Huondoka saa 11 alfajiri kabla jua halijagusa Uluguru, wakaenda hadi Dakawa, wakageuka, wakarudi. Ni karani, ni fundi wa umeme, ni mwalimu wa sekondari, ni muuza vipuri. Tangu mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali mwezi wa Septemba 2025, ikiwa ni mara ya kwanza kufanyika barani Afrika, vijana kadhaa wa mtaani kwetu wameongezeka katika kundi hilo. Mama mmoja auzaye vitumbua karibu na kituo cha basi alituuliza siku moja, "Mwalimu, hawa huenda kufuata nini huko?" Tukamjibu kwamba hawafuati kitu. Akasema, "Basi na warudi na mkungu wa ndizi angalau."

Tumecheka, lakini swali la mama yule ni la haki kabisa. Mtu mzima mwenye nyumba na watoto aweza vipi kutumia nguvu zake kwenda mahali asipokuwa na shughuli, akarudi mikono mitupu, akalala mchana kwa uchovu? Wapo wasemao kwamba huo ni upotevu mtupu wa muda na wa chakula. Na wapo wawateteao kwa kusema kwamba ni afya: moyo, kisukari, shinikizo la damu, daktari kasema. Sisi majibu yote mawili hayaturidhishi, na hilo la pili hutuchosha zaidi. Ni kweli mazoezi hufaa mwili, na mwenye sukari akipanda baiskeli nusu saa kila siku atapata faida. Lakini hakuna daktari aliyempeleka mtu Dakawa na kurudi. Aendaye mbali hivyo huenda kwa sababu anapenda: anapenda ule ubaridi wa alfajiri, sauti ya mnyororo uliopakwa mafuta vizuri, kuona miguu yake inaweza leo jambo ambalo mwezi uliopita haikuliweza. Twapenda waseme hivyo. Ajifichaye nyuma ya daktari ameona haya kusema kwamba anacho kitu akipendacho.

Wala si jambo la kuonea haya. Sisi tumefundisha miaka mingi, na tangu siku zile za chuo cha ualimu tuliambiwa kwamba shule isiyo na michezo, nyimbo wala bustani hutoa watoto wajuao kujibu mitihani tu. Tuliliona kwa macho yetu. Mtoto afanyaye tu lile litakalompa alama, siku alama zinapokwisha hujikuta hana kitu. Yule aliyependa kuchora ndege pembeni mwa daftari, ingawa tulimkaripia, alikuwa na kitu chake mwenyewe ambacho hakuna mtihani ungeweza kumnyang'anya. Mtume Paulo naye hakuona vibaya kutumia mfano wa wakimbiaji kuwafundisha Wakorintho, kwa hiyo tusijifanye watakatifu kuliko yeye. Kwamba mtu mzima anapenda jambo lisilomletea senti, hilo kwetu ni dalili njema.

Ila kupenda kuna gharama yake, na hapa ndipo ugumu unapoanza. Mchezaji wa kulipwa mazoezi yake ndiyo kazi yake. Akirudi nyumbani amerudi kutoka kazini kama mtu mwingine. Huyu wa ridhaa hana mwajiri wa kumpa muda, hivyo hana budi kuutoa mahali pengine. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikaa siku moja na karani mmoja, jirani yetu, tukamfanyia hesabu. Jumamosi huondoka saa 11 alfajiri, hurudi saa 3 na nusu: saa nne na nusu. Jumanne na Alhamisi jioni, saa moja na nusu kila mara: jumla saa saba na nusu. Kuosha baiskeli, kuziba pancha, kupaka mafuta, na ule usingizi wa Jumamosi mchana, hebu tuseme saa moja na nusu tu, kwa huruma. Ni saa tisa kwa juma. Kwa majuma 50 ni saa 450. Sisi tuliozoea kuhesabu kwa vipindi vya dakika 40 twaona hapo vipindi 675. Karani mwenyewe alishtuka, akatuomba tusimwonyeshe mkewe karatasi ile.

Naye ni mwanafunzi tu katika jambo hili. Huko Ufaransa kuna safari ya baiskeli iitwayo Paris-Brest-Paris, iliyoanza mwaka 1891 kuwa mashindano ya mabingwa, na ambayo kwa sasa ni ya watu wa kawaida, wenye kazi zao na wajukuu wao. Ni kilomita 1,200, nao hupewa saa 90 kuimaliza, usiku na mchana. Hufanyika kila baada ya miaka minne. Ya mwisho ilikuwa mwaka 2023. Lakini mtu haruhusiwi kwenda tu. Katika mwaka uleule sharti kwanza amalize safari nne: ya kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, ya 300 ndani ya saa 20, ya 400 ndani ya saa 27, na ya 600 ndani ya saa 40. Jumlisha, utapata saa 100 na nusu za kuomba ruhusa tu, kabla ya safari yenyewe. Hakuna zawadi ya fedha. Nasi hatuwacheki hao, bali twajiuliza ni nani aliyekuwa nyumbani wakati huo.

Siku nyingine tulimkuta mke wa karani huyo akianika nguo. Akatuamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," tukaitikia, na katika mazungumzo tukamuuliza, kwa mzaha, kama yeye aliridhia mumewe kuwa bingwa wa baiskeli. Hakucheka. Akasema, "Mimi sikuulizwa, Mwalimu. Niliambiwa." Kisha akaendelea kuanika.

Maneno hayo mawili, kuulizwa na kuambiwa, tumeyabeba tangu siku ile. Mume hakufanya siri. Alimwambia mkewe siku anayonunua baiskeli, alimwambia bei yake (au bei iliyo karibu na ile ya kweli), alimwambia saa za kuondoka na za kurudi. Mke alinyamaza. Na sisi Waswahili tuna desturi ya kusema kwamba kunyamaza ni kukubali. Ni desturi ya hatari. Mtu hunyamaza kwa sababu nyingi: amechoka, hataki ugomvi mbele ya watoto, anajua kwamba akisema hapana jibu litakuwa lilelile na juu yake kutaongezwa uso wa kukunjamana juma zima. Sisi twaona kwamba ridhaa ya kweli ina alama moja, nayo ni kwamba mwenye kuombwa aweza kusema hapana, na asiadhibiwe kwa kusema hivyo. Pasipo hilo, mume ana ridhaa yake, na mke ana taarifa.

Yawezekana mtu akatwambia kwamba twakuza mambo; ni asubuhi moja tu ya Jumamosi. Basi tutoke Morogoro kidogo twende Uingereza, maana huko waendeshaji wa ridhaa wamekuwapo kwa zaidi ya miaka mia, na yupo mmoja ambaye kwake jambo hili laonekana kwa herufi kubwa.

Waingereza wana mchezo wa mwendeshaji mmoja mmoja kushindana na saa: kila mtu huanza peke yake, dakika moja nyuma ya mwenzake, na mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Ulianza mwaka 1895, kwa sababu mashindano ya kundi barabarani yalikuwa yamepigwa marufuku na chama cha baiskeli chenyewe, kwa kuogopa ghadhabu ya polisi na ya wenye magari ya farasi. Wakashindana kwa siri. Waliondoka alfajiri, wamevaa nguo nyeusi toka shingoni hadi miguuni, na njia zao waliziita kwa herufi na namba ili mgeni asijue ni wapi. Siku yao ilikuwa aghalabu Jumapili, kwa sababu barabara zilikuwa tupu na siku nyingine ni za kazi. (Mapadre wa huko walilalamika, na wa hapa huenda nao watalalamika, kwani vijana wetu wawili wameanza kuingia ibada ya pili nywele zikiwa bado mbichi. Kwa maoni yetu, afadhali nywele mbichi kanisani kuliko nywele kavu kitandani.)

Katika mchezo huo alitokea mwanamke aitwaye Beryl Burton, aliyezaliwa mwaka 1937 na kuishi Morley, karibu na Leeds. Utotoni aliugua sana, akakaa hospitalini kwa miezi mingi. Alianza baiskeli kwa kufundishwa na Charlie, kijana aliyekuwa mwendeshaji kabla yake, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1955. Mwaka uliofuata walipata binti, Denise. Beryl hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Alifanya kazi katika shamba la rubabu, ule mmea wa mashina mekundu machachu ambao Waingereza huupika kwa sukari: kuchimba, kubeba, kuinama, kazi ya sulubu kama ya mkulima wetu yeyote. Jioni na mwisho wa juma alipanda baiskeli. Alikuwa bingwa wa dunia mara saba. Kwa miaka 25 mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1983, alikuwa mwanamke wa kwanza katika hesabu ya mwaka ya mbio hizo za saa nchini kwao. Mchezo wa Olimpiki hakuupata, maana baiskeli ya wanawake haikuingizwa huko mpaka mwaka 1984.

Kisa kisimuliwacho zaidi ni cha Septemba 1967, katika mbio za saa 12. Wanaume waliondoka mbele, wanawake nyuma yao. Mwanamume aliyeongoza, Mike McNamara, alikuwa siku hiyo anavunja rekodi ya wanaume, na huku nyuma Beryl anamkaribia. Alipomfikia akatia mkono mfukoni, akatoa peremende, akampa. Akaipokea, akala, akapitwa. Beryl alimaliza maili 277 na robo, yaani kilomita 446 hivi, zaidi ya mwanamume yeyote katika nchi ile. Wanaume hawakuifikia hesabu hiyo mpaka mwaka 1969, na miongoni mwa wanawake ilidumu mpaka mwaka 2017.

Waandishi hupenda peremende hiyo, na sisi twaipenda. Lakini tukimtazama Beryl kwa swali letu la ridhaa, mtu wa kumwangalia ni Charlie. Aliacha kushindana kwa ajili yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyetengeneza baiskeli, aliyemwendesha Beryl kwa gari kwenda mashindanoni, aliyesimama kando ya barabara na chupa ya kinywaji, aliyemlea mtoto. Miaka na miaka. Je, huyu aliulizwa, au aliambiwa? Yote tuliyoyasoma juu yake yaonyesha mtu aliyechagua, tena aliyechagua kila mwaka upya. Alikuwa naye ni wa ridhaa, katika mchezo wa kushika chupa. Kuna watu wa namna hii, nasi twakosea tukiwahurumia kwa lazima. Furaha yao imo katika kazi ya mwingine, na wangeondolewa hapo wangenyauka. Ila ni wachache. Tusichukue mfano wa Charlie tukamvika kila mke ambaye hakupewa nafasi ya kuchagua, kisha tukamsifu kwa moyo wake wa kujitoa.

Denise naye akakua akawa mwendeshaji hodari. Mwaka 1976, katika mashindano ya taifa ya wanawake, mama na binti walikuwa pamoja mbele, na kwenye mita za mwisho binti akampita mama akashinda. Beryl alikuwa na umri wa miaka 39, Denise 20. Walipopanda jukwaani kupewa tuzo, mama alikataa kumpa binti mkono. Sababu yake aliieleza baadaye katika kitabu chake. Asiyejua baiskeli yafaa aelezwe kwamba atanguliaye ndiye akataye upepo, na afuataye nyuma karibu yake huvutwa bila kutoa nguvu nyingi. Kwa hiyo walio pamoja mbele hupokezana. Beryl aliona kwamba Denise hakufanya sehemu yake ya kazi hiyo, akahifadhi miguu kwa ajili ya mwisho. Lakini pia alikiri katika kitabu hicho kwamba kumnyima mkono halikuwa jambo la kimichezo.

Wengi huisimulia habari hiyo kama kituko. Sisi tuliokaa na wazazi siku za kutangaza matokeo ya mitihani hatuwezi kuicheka. Ndani ya nyumba ile kitu kilichopendwa kilikuwa kimekua hata kikakaa mezani kwenye kiti cha mzazi. Mtoto alizaliwa amekikuta. Yeye hakuulizwa wala hakuambiwa. Watoto ndivyo walivyo, wao huridhia yaliyopo kwa sababu hawajui kwamba kuna mengine. Na hapo hata wazazi wawili wakiridhiana kabisa, bado yupo mtu ndani ya nyumba ambaye ridhaa yake haikutafutwa, kwa kuwa haiwezi kutafutwa. Anachoweza kufanyiwa ni kufikiriwa tu. Haki itendeke pia: mwaka 1982 mama na binti walipanda pamoja baiskeli moja ya watu wawili, wakaweka rekodi ya wanawake ya Uingereza ya maili 10. Katika baiskeli ya namna hiyo wote wawili hukata upepo mmoja.

Hata hivyo, kabla hatujamhukumu Beryl, tujipime. Ni baba wangapi katika michezo, katika siasa, katika biashara, na tuseme kweli, katika utumishi wa kanisa, waliowanyima watoto wao zaidi ya mkono mmoja, wala hakuna aliyewaandika? Kwa baba twasema alikuwa mtu wa bidii. Kwa mama twauliza mtoto alikuwa wapi. Hapa kwetu mwanamume akipita saa 11 alfajiri na kofia yake ngumu, watu husema ni mazoezi. Mwanamke akipita hivyo, watu wote barabarani wanataka kujua nani amewapikia watoto uji. Katika kundi lile la Dakawa tumehesabu wanaume 14 na mwanamke mmoja, naye ni muuguzi asiye na mume wala mtoto. Hilo si kwa sababu wanawake hawapendi. Zamani tuliwafundisha wasichana waliokuwa wakiazima baiskeli za kaka zao na kushuka nazo mteremko wa shule huku wakipiga kelele za furaha ambazo tulilazimika kuzikataza. Wako wapi? Wanaanika nguo.

Kwa hiyo ndugu mwendeshaji akituuliza kama ana haki ya saa zake tisa, sisi tutamuuliza kwanza kama mkewe ana ngapi. Kama mama wa nyumba hana hata saa moja kwa juma ya jambo alipendalo yeye, lisilo na faida kwa mtu, basi zile tisa si za mume peke yake. Nyingine zimekopwa mahali ambapo hakuna hati. Hatusemi lazima ziwe sawasawa kama mgao wa sukari. Mmoja atapenda kwaya, mwingine kulala mpaka saa mbili, mwingine kwenda kwa dada yake na kukaa tu.

Limebaki jambo la hatari, nalo si dogo. Barabara ya Dodoma ina mabasi na malori, na alfajiri dereva wa lori aweza kuwa ameendesha usiku kucha. Mwenye gunia la mkaa yuko pale kwa sababu hana namna; huyu wa ridhaa yuko pale kwa kutaka. Kuna wasemao kwamba baba wa watoto watatu hana haki kabisa ya kujiweka hapo. Hatufiki huko, maana kwa hesabu hiyo asingepanda hata bodaboda. Lakini twaona kwamba hatari hii ni sehemu ya kile kinachoombwa. Mtu akimwomba mkewe Jumamosi asubuhi, hamwombi saa nne na nusu tu. Amwomba pia akubali kusikiliza simu. Hilo lasemwa mara chache sana, na taa ya nyuma ya baiskeli ingenunuliwa mapema zaidi kama lingesemwa.

Tumalizie habari ya karani. Karatasi ya hesabu hatukumwonyesha mkewe, lakini yeye mwenyewe alimwonyesha, miezi kadhaa baadaye, hatujui kwa nini. Akamuuliza, kwa mara ya kwanza, kama aendelee. Mke akasema hapana. Mama yake mzazi ni mgonjwa, ameletwa kukaa nao, na usiku hulazimika kugeuzwa mara mbili. Asubuhi ya Jumamosi ndiyo pekee ambayo bibi yule, akishika mwingine zamu, yeye aweza kulala. Hapana, angalau mpaka mama apate nafuu au Mungu amchukue. Karani alitusimulia haya mwenyewe, na uso wake haukuwa wa furaha. Alidhani, asema, kwamba ukishauliza vizuri utajibiwa vizuri.

Sasa ni majuma tisa. Baiskeli imetundikwa ukutani sebuleni kwa misumari miwili. Kila Jumamosi, baada ya kumgeuza mama mkwe na kumpa uji, karani huishusha, huipangusa, huijaza upepo magurudumu yote mawili, kisha huirudisha ukutani. Mkewe husikia sauti ya pampu kutoka kitandani. "Mwalimu," alituambia juzi, "nikiisikia ile pampu namwonea huruma. Lakini sijamwambia aende."